UZI: Nilivyosafisha vivinjari vya saiba yangu Kaptembwo (matangazo, arifa za uongo na makarani wasioonekana)

FundiWaKapti · Nakuru · Jumapili, saa 2:40 usiku

Wadau, huu uzi nimeuahirisha tangu msimu wa ritani za KRA. Wiki ile ya mwisho kabla ya tarehe 30 Juni saiba huwa kama stendi ya magari mkesha wa Krismasi, hakuna wa kukaa kuandika. Sasa kumetulia, stima ipo, chai ipo.

Nina mashine saba hapa Kapti. Tano zinafanya kazi, moja inafanya kazi ikipenda, ya saba ninaichomolea vipuri. Miaka yote nilidhani kazi yangu ni intaneti iwe na kasi na printa iwe na wino. Mambo ya faragha niliyaona ni ya watu wa Nairobi wenye ofisi za vioo.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja aliyekuja kutafuta cheti cha tabia njema. Kijana wangu alikuwa ametoka kununua karatasi, nami nilikuwa namtolea mtu fotokopi. Mama hakutaka kusumbua. Akakaa, akaandika "ecitizen", ile tovuti ya huduma za serikali, kwenye Google, akabonyeza la kwanza kabisa. Lile la kwanza lilikuwa tangazo la kulipiwa. Ukurasa ukafunguka una bendera, una ngao, umependeza kuliko hata ule wa kweli. Ukamwomba namba ya kitambulisho, namba ya simu, kisha "ada ya huduma". Niligeuka kwa bahati tu, nikaona anwani ya juu haina hata harufu ya go.ke, ule mkia wa anwani za serikali yetu. Pesa tuliiokoa. Namba ya kitambulisho alikuwa ameshaituma, na hiyo ikienda huwezi kuiambia irudi.

Usiku ule ndio nilianza kusoma. Nikakuta kwamba Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu mchezo huuhuu: wezi wananunua matangazo kwenye injini za utafutaji, wanajifanya kampuni halali. Na kati ya ushauri waliowapa raia ni kutumia programu ya kuzuia matangazo. Polisi ndio wanasema! Kwa hiyo mtu asiniambie kuzuia matangazo ni ubahili.

Sasa kazi yenyewe.

Mashine zote zilikuwa na Chrome, kwa sababu mteja akikaa jicho lake linatafuta ule mduara wa rangi nne. Humo nilikuwa nimeweka zamani uBlock Origin, kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha kuzuia matangazo, nikaisahau, kama mlinzi mzuri anavyosahaulika. Kisha matangazo yakaanza kurudi, mashine moja baada ya nyingine, nikadhani ni virusi. Kumbe Chrome imebadilisha kanuni za viendelezi, ule mfumo wanaouita Manifest V3. Nitaueleza kwa lugha ya mtaani. Zamani kiendelezi kilisimama langoni. Kila kitu ambacho ukurasa unaomba kililetwa mbele yake, nacho kikaamua hapohapo kipite au kisipite. Siku hizi kinatakiwa kuandika orodha mapema, kumkabidhi askari wa Chrome, halafu kikae kando. Askari anasoma orodha. Adui akija na kofia mpya ambayo haimo kwenye orodha, anapita. uBlock Origin ya asili ilianza kuzimwa kwa watu mwaka 2024, na Chrome toleo la 139, la mwaka 2025, ndilo lililoufunga mlango kabisa.

Ipo uBlock Origin Lite, ya mtunzi yuleyule, Raymond Hill, iliyotengenezwa kufuata kanuni hizo mpya. Si mbaya hata kidogo. Ukilazimika kubaki Chrome, weka hiyo na usijilaumu. Lakini kivinjari cha Firefox bado kinaruhusu ile ya asili, basi mashine tano nikazihamishia Firefox na ile moja nikaiachia kivinjari cha Brave nione tofauti. Brave ina kizuizi chake ndani kwa ndani, haitegemei kiendelezi. Mmoja wa waasisi wake ni Brendan Eich, ndiye aliyetunga JavaScript mwaka 1995. JavaScript ndiyo hubeba takataka nyingi tunazozizuia leo. Mwenye kuuza panya akafungua duka la mitego.

Ukishaweka Firefox, nenda kwenye viendelezi utafute uBlock Origin, jina lote. Kuna kitu kinaitwa uBlock tupu, hakina Origin. Hicho ni cha watu wengine na tangu 2018 kiko mikononi mwa AdBlock, kizuizi kingine. Ukishaiweka, iache ilivyo. Orodha zake za mwanzo zimeshawashwa, EasyList ya matangazo na EasyPrivacy ya wanaofuatilia watu. Nimeona vijana wanaingia kwenye mipangilio wanaweka tiki kila kisanduku kama wanaojaza fomu ya basari, halafu wanakuja kulia kwamba kurasa hazifunguki. Na usiweke vizuizi viwili. Wapishi wawili, sufuria moja.

Faida ambayo mtu wa bando ataihisi kwanza ni hii: uBlock huzuia ombi kabla halijatoka kwenye mashine. Tangazo halifichwi baada ya kupakuliwa, halipakuliwi kabisa. Video ile inayojichezesha pembeni ya habari, hulipii hata sehemu yake.

Pili, katika mipangilio ya faragha ya Firefox kuna ulinzi wa kawaida na ulinzi mkali. Mimi nimeweka mkali. Ukurasa ukigoma, kuna ngao ndogo upande wa kushoto wa anwani, ibonyeze uzime kwa tovuti hiyo peke yake.

Vidakuzi (cookies), vile vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari chako, vyenyewe si uchawi. Lou Montulli wa Netscape alivibuni mwaka 1994 ili tovuti iweze kumkumbuka mgeni wake, mathalani alichoweka kwenye kikapu cha duka. Ubaya ulianza pale mtu mmoja alipoweka karani wake ndani ya kila duka la mjini. Unaingia kwa muuza viatu Kenyatta Avenue, karani anaandika. Unaingia kwa kinyozi, karani yuleyule. Unakwenda kliniki, ameshafika kabla yako. Jioni anaijua siku yako yote na hamjawahi hata kusalimiana. Tangu 2022 Firefox humpa kila duka daftari lake: karani akitoka hapa kwenda pale, daftari linabaki mlangoni. Google nao walikuwa wamesema wataviondoa vidakuzi hivi vya watu wa kando kwenye Chrome. Waliahirisha, wakaahirisha, na mwaka 2024 wakabadilisha nia.

Naendelea hapo chini, maandishi yamekuwa marefu.

FundiWaKapti · Nakuru · saa 3:15 usiku

Sehemu hii ni ya wenye saiba hasa, ingawa hata mwenye laptopu ya familia inamhusu.

Mteja wa saiba hatoki kwenye akaunti. Anaamka, analipa shilingi zake, anaondoka. Nimekuta barua pepe ya mwalimu mkuu iko wazi na mitihani ndani. Nimekuta ukurasa wa mkopo wa mwanafunzi wa Njoro, jina, namba ya benki, kila kitu, na aliyekaa baada yake alikuwa anaangalia matokeo ya mpira kwenye kichupo cha pili. Karani wa matangazo ni mdogo kuliko jirani wa kiti kinachofuata.

Kwa hiyo: kwenye Firefox weka ifute vidakuzi na data za tovuti kila inapofungwa, na izimwe tabia ya kuuliza kama ihifadhi nywila. Halafu kijana wako awe na mazoea ya KUFUNGA dirisha mteja akiinuka. Asipofunga, mipangilio yote hiyo ni pambo. Kwenye Chrome kuna hali ya mgeni, inafanya kazi karibu sawa. Ukifunga dirisha kila kitu kinaondoka.

Kila kitu isipokuwa faili zilizopakuliwa. Hapa ndipo nilipojikwaa mwenyewe. Nilimaliza kujisifu kwa mke wangu kwamba sasa saiba yetu ni ngome, asubuhi yake nikafungua folda ya vipakuliwa kwenye mashine ya tatu. Vitambulisho. Vyeti vya kuzaliwa. Picha za pasipoti. Taarifa za M-Pesa za miezi sita za mtu aliyekuwa anaomba mkopo. Miaka miwili ya maisha ya watu wa Kapti imelala pale, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifungua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikuandikwa kwa ajili ya mabenki pekee, na mimi niliyekuwa nalaani makampuni ya ng'ambo ndiye niliyekuwa nimeshika faili za jirani zangu. Siku hizi folda ile inamwagwa kila jioni kabla ya kufunga mlango, pamoja na pipa la takataka la kompyuta.

Jambo la mwisho ni arifa. Ile sauti ya pembeni, "kompyuta yako ina virusi 5, bonyeza hapa", mara nyingi si virusi. Ni tovuti ambayo mtu aliikubalia itume arifa, pengine alipoambiwa "bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti". Kwenye Chrome: mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa. Toa zote usizozijua, halafu chagua tovuti zisiruhusiwe kutuma. Firefox iko vivyo hivyo kwenye ruhusa. Kuna mteja aliyekuwa amelipa mtu mjini aifomati laptopu yake kwa tatizo hili. Dakika mbili!

Maswali karibuni. Matusi pia, lakini kwa zamu.

JamaaWaLondon · Nakuru · saa 3:31 usiku

Kabla mtu hajauliza, ni London ya hapa Nakuru, sina visa.

Fundi, mimi hutumia hali fiche (incognito) kwa kila kitu. Hiyo si inatosha? Halafu nielezee kwa nini matangazo yananiuzia nyumba za Nairobi wakati mimi naamka naona Menengai.

FundiWaKapti

@JamaaWaLondon hali fiche inamficha mke asione, basi. Ukifunga dirisha, historia haibaki kwenye mashine hiyo. Tovuti unayoingia inakuona, mtoa huduma wako wa intaneti anaona umekwenda tovuti gani, na ukiingia kwenye akaunti yako ndani ya dirisha hilo umejitambulisha mwenyewe. Watu walifungua kesi Marekani mwaka 2020 kuhusu jambo hili, na mwaka 2024 Google ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi za watu waliokuwa wanadhani wamejificha.

Nyumba za Nairobi ni kwa sababu ya namba ya IP, ile anwani unayoonekana nayo mtandaoni. Mitandao yetu mingi, hasa ya simu, hutokea kwenye intaneti kupitia Nairobi, kwa hiyo wanaokisia ulipo hukisia huko. Usiwasahihishe.

JamaaWaLondon

Mke ameusoma huu uzi. Asante sana.

NyarKondele · Kisumu · saa 4:02 usiku

Omera, umeandika vizuri, lakini acha nikupinge kidogo. Mimi nina blogu. Naandika mapishi ya huku kwetu, omena, osuga, mbuta ya kukaangwa, na siku za mechi naandika habari za Gor. Hakuna anayenilipa mshahara. Matangazo yale mnayoyafukuza kama nzi ndiyo yananunua bando la kupakia picha. Msomaji akija na kizuizi, amekula samaki, amenawa mikono, ameondoka. Halafu mnaitana mashujaa wa faragha.

FundiWaKapti

@NyarKondele dada, hilo sina jibu safi. Ni kweli unaumia, na ni kweli yule mama wangu angeibiwa. Ninachofanya ni hiki: blogu ninayoipenda naifungua, nabonyeza uBlock, kile kitufe kikubwa cha kuwashia, nakizima kwa tovuti hiyo, inakumbuka. Nina nne za namna hiyo. Yako nitaiongeza ukinipa anwani.

Lakini nikuulize bila ubaya. Ulishawahi kuifungua blogu yako kwenye simu ya mtu mwingine, ambaye hajawahi kuingia kama mwenyewe?

NyarKondele

Sijawahi. Kesho nitaazima ya dada yangu.

Mwalimu_Lurambi · Kakamega · saa 4:20 usiku

Habari za jioni wandugu. Shuleni kwetu tuna kompyuta kumi na mbili za msaada, zote Windows 7, RAM ya 2GB. Chrome inasema haiwezi kusasishwa tena. Je, tuzitupe?

FundiWaKapti

Shikamoo Mwalimu. Usitupe bado. Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7, mwanzoni mwa 2023, na kutumia kivinjari kilichokufa kuna hatari kuliko matangazo yote. Kwa Firefox, tawi la ESR (lile la msaada wa muda mrefu) namba 115 ndilo la mwisho linalokubali Windows 7, na uBlock Origin inaingia humo. Lakini hicho ni kiraka, si tairi. Mashine za 2GB zitafurahi zaidi na Linux nyepesi, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na Firefox ya kisasa juu yake. Na hata zile za Windows 10 ambazo watu wanaringia, Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Watoto wakitumia mashine hizo, kizuizi ni muhimu mara mbili. Vitufe vya uongo vya "Pakua" wao huvibonyeza vyote, kwa mpangilio.

Mwalimu_Lurambi

Marahaba. Hilo la vitufe ni kweli tupu. Wiki jana mtoto alikuwa anatafuta karatasi za zamani za hisabati akatuletea programu tatu za kusafisha kompyuta.

BodaWaBusia · Busia · Jumatatu, saa 1:10 asubuhi

Nyinyi mnaongea kompyuta. Sisi wa simu je? Natumia Opera Mini kwa sababu ya bando. Sina laptopu na sitarajii.

FundiWaKapti

@BodaWaBusia mkubwa, pole, nilipaswa kuanza na simu, maana ndiko watu walipo.

Opera Mini inabana data kwa kupitisha ukurasa kwenye seva zao, wanaupunguza ndipo wanakuletea. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana ukiwa kwenye ule ubanaji wa juu kabisa ukurasa wako unapita mikononi mwa mtu wa kati. Kusoma habari, endelea nayo. Benki na eCitizen, fungua kivinjari kingine.

Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inapokea, na uBlock Origin imo. Tangu Desemba 2023 wamefungua mamia mengine, lakini wewe weka hiyo moja. Simu ya RAM ndogo Firefox itaichosha kidogo, sikufichi. Ikikushinda, jaribu Brave.

Kuna na dawa isiyohitaji kivinjari. Android 9 na kuendelea ina kitu kinaitwa DNS ya faragha, kwenye mipangilio ya mtandao na intaneti. Chagua jina la mtoa huduma, andika dns.adguard-dns.com, hifadhi. DNS ni kama kitabu cha namba za simu: programu inauliza "fulani yuko wapi?" ndipo iende. Kitabu hiki kikiulizwa nyumba za wauza matangazo kinasema hakuna mtu wa jina hilo. Inasaidia mpaka ndani ya programu nyingine, michezo na kadhalika. Haiwezi matangazo ya YouTube, kwa sababu yanatoka nyumba moja na video. Na ukikaa hotelini waifai ikakataa kuunganika, rudisha kwenye otomatiki kwanza. Mitandao mingine huzuia njia hiyo.

BodaWaBusia

Nimeweka. Ule mchezo wa draft ninaocheza nikisubiri abiria umenyamaza kama kanisa Jumatatu. Lakini unanidai niangalie video ili nipate maisha ya ziada na video haiji.

FundiWaKapti

Hayo ndiyo malipo. Cheza vizuri usife.

MamaDigital · Kitale · Jumatatu, saa 6:45 mchana

Asante kwa lile la arifa. Simu ya mama mkwe ilikuwa inalia kama kengele ya shule, tovuti ishirini na kitu zimeruhusiwa, nyingine za kamari. Nimezitoa zote, ananiita binti yake sasa.

Maswali mawili. La kwanza, kijana wa duka la simu alimwekea VPN ya bure "ili asifuatiliwe". Niiache? La pili, kuna viendelezi kama kumi hivi watu wanasifia mtandaoni. Niweke vipi?

FundiWaKapti

@MamaDigital toa hiyo VPN leo, kabla ya chakula cha jioni. VPN hupitisha intaneti yako kwenye seva za mtu mwingine. Haifuti macho, inayahamisha: badala ya mtoa huduma wako kuona unakokwenda, anaona mwenye VPN. Kama hakutozi chochote, seva analipia na nini? Facebook ilinunua programu ya VPN iitwayo Onavo mwaka 2013, ikawa inasoma watu wanatumia programu gani nyingine, mpaka ikafungwa 2019. Hola, VPN nyingine ya bure, nayo mwaka 2015 iligundulika inauza upitisho wa watumiaji wake wa bure, watu wengine wanapita kwenye intaneti kwa jina lako. Mama mkwe hajui kwamba simu yake ingeweza kuwa daraja la mgeni.

Viendelezi: kimoja. Nilipoanza niliweka saba. Kila kimoja kinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofungua, na siku mwenye nacho akikiuza, ruhusa zinauzwa pamoja nacho. Halafu kuna habari ya alama za kivinjari: ukubwa wa kioo, fonti, lugha, toleo, vikiunganishwa vinaweza kukutambulisha hata bila kidakuzi. EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za kidijitali, wana ukurasa wa kupima hilo, Cover Your Tracks, zamani ukiitwa Panopticlick. Ukijipamba sana na viendelezi unakuwa kama mtu aliyevaa barakoa, koti refu na miwani myeusi sokoni Gikomba saa saba mchana. Amejificha, na kila mtu anamkumbuka.

JamaaWaLondon

Fundi, kwa hiyo hakuna kujificha kabisa?

FundiWaKapti

Kuna kupunguza. Anayehitaji kujificha hasa, mwandishi wa habari au mtu anayekimbia mtu, atumie Tor Browser, kivinjari kilichotengenezwa kumficha mtumiaji, na asitafute ushauri kwa mwenye saiba.

NyarKondele · Kisumu · Jumatatu, saa 3:20 usiku

Nimerudi. Nimefungua blogu yangu kwenye simu ya dada.

Sijui nianzie wapi. Mapishi ya omena yako chini ya kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Endelea". Sikukiweka mimi. Ukikibonyeza unapelekwa kwa daktari wa nguvu za kiume. Nikarudi nyuma, ukurasa ukaniuliza kama nataka arifa. Sikuweka hilo pia. Dada akasema, "Mimi nilidhani unajua, ndiyo maana niliacha kusoma."

Mtandao wa matangazo niliojiunga nao ulinipa mistari miwili ya msimbo niibandike, nikabandika. Nilipokuwa naingia kama mwenyewe hayakuwa yanaonekana.

Bado nasema nahitaji kulipwa. Lakini ile mistari nimeitoa usiku huu, na sijui mwezi ujao nitalipia bando na nini.

FundiWaKapti

Pole sana dada. Weka namba ya till chini ya kila pishi. Nasema kweli. Mimi wa kwanza.

BodaWaBusia

Wa pili. Lakini uandike na ya kuku.

MamaDigital · Kitale · Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Fundi, nimehamia Firefox na uBlock kwenye laptopu, ulinzi mkali, kila kitu ulivyosema. Ukimya mtamu. Shida ni moja: redio ya mtandaoni ninayosikiliza asubuhi haichezi. Ukurasa unafunguka, kitufe cha kucheza kipo, nabonyeza, hakuna kitu. Nimejaribu mara sita. Niondoe uBlock?

FundiWaKapti

Usiondoe. Tafuta kwanza nani kazuia. Fungua ukurasa wa redio, bonyeza ile ngao ya Firefox kushoto mwa anwani, zima ulinzi kwa tovuti hii, ukurasa utajifungua upya. Jaribu. Ikikataa, rudisha ngao, halafu bonyeza uBlock na uzime kile kitufe kikubwa, fungua upya. Kimoja kwa wakati mmoja, usizime vyote pamoja, hutajua aliyekuwa na makosa.

MamaDigital

Ngao: hapana.

uBlock: hapana.

Vyote viwili: hapana.

FundiWaKapti

Angalia kwenye kichupo chenyewe, juu, pembeni ya jina la tovuti. Kuna alama ya spika imekatwa mstari? Au upande wa anwani, alama ya kucheza iliyokatwa? Firefox huzuia tovuti zisijichezeshe sauti zenyewe, na nyingine hubabaika hapo. Ukiiona, ibonyeze uruhusu sauti.

MamaDigital

Hakuna alama. Subiri.

MamaDigital

Spika za laptopu zilikuwa zimezimwa. Mtoto.

Inacheza. Ngao na uBlock nimevirudisha vyote, bado inacheza.

FundiWaKapti

Hiyo nitakutoza.